Mkono wa Kulia wa Mlango

Inspekta Laker aliomba sanduku lifunguliwe hata kabla hajaketi, na watu wakanong'ona. Mgeni gani huyu, anafika msibani, maji ya kunawa hajayagusa, anaanza kudai mifupa? Lakini mgeni mwenyewe alikuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, na polisi ukimnunia unajichosha bure. Mzee Oryang, mkuu wa ukoo, akapunga fimbo yake, na wanawake wawili wakafunua shuka jeupe.

Mifupa ilikuwa imepangwa kwa heshima, mirefu chini, midogo ndani ya mfuko wa kitambaa, fuvu juu. Laker akavaa glavu, akaligeuza. Kisogoni palikuwa na ufa uliozama ndani, mpana kama kiganja, kingo zake zimenyooka. Jembe, au shoka butu. Akaupima kwa utepe, akaandika. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akainua taya na kuanza kuhesabu meno, moja moja, kwa ncha ya kalamu.

"Afande," alisema Oryang, "huyo si mbuzi wa mnadani."

"Najua, mzee wangu. Uniwie radhi."

Akaendelea kuhesabu.

Siku tatu nyuma, Kidega, mwenye boma hili, alikwenda na jamaa zake kwenye kambi ya zamani ya Lapeta kumchukua baba yake. Kambi ilivunjwa miaka minane iliyopita na watu wakarudi makwao, ila wafu walibaki kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba sasa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi trekta linapita, pawe na kaburi pasiwe na kaburi. Basi kila ukoo unahangaika kuwarudisha watu wake. Labeja, baba yake Kidega, alifia kambini mwaka elfu mbili na nne, kwa kipindupindu. Ndivyo ilivyojulikana, kwa kuwa ndivyo alivyosema Ocitti, mdogo wake marehemu, aliyemuuguza na kumzika. Mifupa ikachimbwa, ikaletwa nyumbani kwa nyimbo, sanduku likafunguliwa wazee wamuage ndugu yao, na hapo nyimbo zikakatika. Kipindupindu kinaharisha, kinatapisha, kinamkausha mtu akawa kama ukuni. Hakipasui kichwa.

Ocitti alipoulizwa hakujibu. Wala ndiyo, wala hapana. Ukoo ukapanga kikao, saa kumi alasiri ya siku hii aliyofika Laker. Akionekana amemwaga damu ya kaka yake, angetengwa: asile na mtu, asisalimiwe, na akifa ajizike mwenyewe akiweza. Vijana hawakungoja kikao. Asubuhi ile walikuwa wameshaezua nusu ya paa lake. Daktari wa kuchunguza mifupa angetoka mji mkuu baada ya wiki mbili. Laker alitazama saa yake. Ilikuwa saa tatu.

Alimchukua Kidega pembeni, nyuma ya ghala la mtama.

"Nani alikuonyesha kaburi?"

"Hakuna. Nilimwomba baba mdogo aje atuonyeshe, akakataa. Eti mifupa iachwe ilale. Sasa niambie, afande, mtu asiye na lake jambo anakataa kwa nini?"

"Ukalijuaje basi?"

"Mama alinieleza kabla hajafa. Baba yako yuko mkono wa kulia wa mlango. Na mwanamume utamzika wapi pengine? Nikaipata alama ya nyumba yetu, nikakipata kizingiti, nikasimama kama mtu anayetoka ndani, nikageukia kulia. Tulichimba mara moja tu, tukampata."

"Wewe hukuwepo alipofariki."

"Nilikuwa porini." Alilisema bila kuinamisha macho. Waasi walimchukua kijijini akiwa na miaka kumi na minne, kabla watu wake hawajahamia Lapeta. Alitoroka na kurudi akiwa na kumi na saba. Sasa alikuwa na ishirini na saba, na kovu refu la waya lilizunguka kifundo chake cha mguu. "Niliporudi, kituo cha kupokea watoto kilitaka kunipeleka kambini kwa mama. Baba mdogo akaandika barua. Nisiletwe Lapeta, nipelekwe mjini kwa wajomba. Miezi saba sikumwona mama yangu, na alikuwa hai! Alinikataa, afande. Alitaka kumrithi mama, na mimi ningemzibia njia."

"Mama yako alikuambia hivyo?"

"Mama hakusema kitu. Lakini waligombana, yeye na baba mdogo. Kambi nzima ilisikia."

Laker akaandika: sababu ipo, ugomvi upo, kukataa kuonyesha kaburi kupo. Jembe liko kila nyumba. Kesi ilikuwa tamu mno, na yeye kesi tamu mno hakuziamini. Maana kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika jambo jingine: meno thelathini, meupe, hayajachakaa, magego mawili ya mwisho ndiyo kwanza yanachomoza. Na kwa kuhesabu kutoka cheti chake cha ubatizo, Labeja alikufa na miaka arobaini na tisa.

Alimkuta Ocitti ameketi ndani ya nyumba yake isiyo na paa upande mmoja, jua likimwangukia magotini. Alikuwa katekista wa kigango, mzee mwembamba mwenye kola iliyofungwa hadi kooni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti penye kivuli."

"Ndugu yako Labeja alikuwa na meno?"

Ocitti akainua macho kwa mara ya kwanza. "Meno?"

"Ya kutafunia. Magego."

Akapangusa vumbi la paa magotini. "Afande, waache wafanye watakalo. Mimi nimeshakubali."

"Umekubali kwamba ulimuua Labeja?"

"Nimekubali kutengwa."

"Sikukuuliza hilo."

Ocitti akageuzia jua mgongo. Katika miaka kumi na tisa ya kazi Laker alishawaona wanaokana walilolifanya, na wachache wanaokiri wasilolifanya, wengine kwa wazimu, wengine kwa njaa, maana mahabusu kuna posho ya chakula. Mzee huyu hakuwa wa kundi lolote. Alikuwa ameukumbatia mzigo wa watu kana kwamba ukiondolewa, kitaonekana kilichoko chini yake. Laker akafunga daftari na kwenda kumwita Kidega. "Twende Lapeta. Beba jembe, na ufagio."

"Ufagio wa nini?"

"Wa kufagilia. Umewahi kuona ufagio wa kazi nyingine?"

Lapeta ni kilomita sita. Pale palipokuwa na watu elfu kumi na tatu sasa pana muhogo wa mtu, nyasi, na mamia ya viduara vya udongo vilivyobaki baada ya kuta kuyeyuka. Kwenye njia ya kuingilia limesimama jiwe la kumbukumbu lenye majina arobaini na moja, waliouawa siku waasi walipoichoma kambi. Kila mwaka mwezi wa pili watu hukusanyika hapo. Oryang huhutubia, na Ocitti huyasoma majina. Laker aliyasoma yote, kwa kazi, siyo kwa ibada, akanakili tarehe.

Aliyebaki kuishi Lapeta alikuwa mmoja tu, Mama Aryemo, ambaye ukoo wake ulikwisha wote na hakuwa na pa kurudi. Walimkuta anakamua pombe ya mahindi kwa gunia, mikono myeupe hadi viwiko.

"Karibuni! Kama mmekuja kuikamata pombe, nendeni mrudi kesho, haijaiva."

"Ikiiva nitaleta kikombe," alisema Laker. "Mama, Labeja unamkumbuka?"

"Nimsahauje? Kati ya ukuta wake na wangu kingepita kijiko tu. Mtu mwema, ila kumlisha, wewe! Magego yote yaling'oka tangu ujanani. Nyama alikuwa anainyonya kama pipi, kisha anampa mbwa. Lalam, mke wake, alimpondea karanga mpaka bega likawa linamuuma."

Kidega akatikisa kichwa. "Mimi hilo silikumbuki."

"Utalikumbuka wapi, mtoto wa Lalam? Ulikuwa unaangalia nyama yako."

Laker hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiduara cha nyumba ya Labeja. Upande wa magharibi, ukielekea barabara, kilionekana kizingiti cha udongo, na mkono wake wa kulia, kaskazini, shimo la Kidega lililofukiwa upya. Kidega hakuwa amekosea hata hatua moja. Laker akazunguka nyumba taratibu. Upande wa mashariki, mkabala kabisa na kizingiti, akakuta mafiga matatu yamezama ardhini, meusi kwa miaka ya moto.

"Nani alikuwa anapika huku?"

"Mama, nadhani," alisema Kidega.

"Nyuma ya nyumba? Mwanamke gani anapika ameupa mgongo mlango wake, mgeni aingie achukue mtoto na sufuria yeye anakoroga tu?"

Kidega akayatazama mafiga, kisha kizingiti. Laker akapiga magoti, akaanza kukwangua sakafu kwa ukingo wa jembe, kidogo kidogo, akifagia, akipiga picha. Udongo mwekundu ulioshindiliwa, unene wa vidole vitatu. Chini yake majivu, na mabua ya nyasi yaliyoungua yakiwa bado na umbo lake. Chini ya majivu sakafu nyingine, nyeusi, laini, iliyosilibwa kwa samadi na mkono wa mwanamke aliyejua kazi. Akaifuata sakafu ile ya chini kuelekea mashariki, mkono kwa mkono, mpaka ikapanda kidogo na kukatika kwenye ukingo wa mviringo. Kizingiti. Kilitazama mafiga.

"Mama Aryemo! Mlango wa nyumba hii uliangalia wapi?"

"Barabarani, kama yote."

"Tangu mwanzo?"

"Aa, tangu moto. Waasi walipotuchoma, mwezi wa pili, elfu mbili na tano, tulijenga upya, na mkuu wa askari akatoa amri: milango yote iangalie barabara, amwone kila aingiaye na atokaye. Kabla ya hapo kila mtu na mlango wake. Wa Lalam uliangalia kisimani, huko jua linakotokea. Alilia sana kugeuziwa nyumba."

Laker akasimama juu ya kizingiti cha chini, uso mashariki. "Kidega, njoo usimame hapa. Baba yako alikufa kabla ya moto au baada?"

"Kabla. Miezi sita kabla."

"Basi siku aliyozikwa, mlango ulikuwa huu. Toka nje. Mkono wako wa kulia uko wapi?"

Kidega akatoka. Akautazama mkono wake kana kwamba ameazimwa. Ulikuwa upande wa kusini, penye nyasi ambazo hakuna aliyezigusa. "Mungu wangu," alisema. "Nimemchukua nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Yule wa kaskazini alikuwa mkono wa kulia wa mlango mpya. Maana yake alizikwa baada ya moto, na alizikwa kama mwanamume wa nyumba ile. Lakini baada ya moto nyumba ile haikuwa na mwanamume. Laker akarudi kwa Mama Aryemo, akachuchumaa karibu naye, akashika upande wa pili wa gunia na kumsaidia kukamua.

"Nani alizikwa hapa baada ya moto, mama?"

"Sijui mimi. Nilikuwa na homa wiki ile."

"Wiki ipi?"

Mikono ya mama ikasimama.

"Mimi nimesema baada ya moto," alisema Laker kwa upole. "Baada ya moto mlikaa hapa miaka mitatu. Wewe una wiki yako unayoijua."

Mama Aryemo akaliachia gunia. Akanawa mikono, akanawa tena, akanawa mara ya tatu ikiwa imeshatakata. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni, akabaki mwanamke mzee aliyechoka. "Waulize wanaume. Muulize Ocitti, yeye ndiye alikuwa kiongozi wa kitongoji chetu. Muulize na Oryang. Mimi sina kwa kwenda, mwanangu. Usinitoe hapa."

"Hakuna atakayekutoa."

Laker akatoa simu, akampigia Oryang. Kikao kisifanyike bomani, alisema, kifanyike Lapeta, na wazee wote waje, na Ocitti aletwe bila kuguswa. Oryang aliuliza kwa nini. Laker akamwambia kaburi limepatikana. Upande wa pili wa simu mzee akauliza, "Lipi?" Swali hilo pia Laker aliliandika.

Walifika saa tisa kwa bodaboda na gari moja la mizigo, wazee wa ukoo kumi na kitu, wanawake, na vijana wale wa kuezua paa. Laker akawaonyesha vizingiti viwili, cha juu na cha chini, akawaeleza kwa maneno machache. Kisha akaonyesha nyasi za kusini. "Hapa pachimbwe."

"Haiwezekani," alisema Oryang. "Kaburi halifunguliwi mara mbili na ukoo mmoja. Ni mwiko."

"Hili halijafunguliwa hata mara moja, mzee."

"Mbuzi hayupo. Maneno hayajasemwa."

"Wewe ndiwe mkuu wa ukoo. Yaseme."

Watu wote walimtazama, ikambidi. Akayasema upesi upesi, akatema mate pande nne, na Kidega akashika jembe. Alichimba peke yake, hakutaka kusaidiwa. Kimo cha paja akaacha jembe, akaendelea kwa mikono. Likatoka kwanza pindo la blanketi la msaada, la kijivu, kisha rozari ya mbegu, kisha fuvu. Laker akashuka, akalipokea kwa mikono miwili na kuligeuza mbele ya wote. Lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Taya la chini lilikuwa na meno sita ya mbele tu. Nyuma, mfupa ulikuwa umejifunga laini, kama ufizi wa mtoto.

"Anayemjua aseme."

"Ni Labeja," alisema Mama Aryemo kutoka nyuma. "Ni jirani yangu huyo."

Wanawake wakaanza kulia, kilio cha kawaida, cha mtu aliyepatikana. Kidega akapanda kutoka shimoni na udongo wake, akaenda hadi mbele ya Ocitti, akapiga magoti. "Baba mdogo, nimekuita muuaji mbele ya watu. Nimewaacha wakuvunjie nyumba. Nisamehe."

"Inuka," alisema Ocitti.

"Mpaka useme umenisamehe."

"Inuka, mwanangu. Usinipigie magoti mimi. Nakuomba."

Oryang akagonga fimbo chini, uso umemchangamka ghafla. "Basi! Mungu mkubwa. Ocitti hana hatia, kosa lilikuwa la mlango tu. Tumbebe kaka yetu, na yule mwingine tumrudishe hapa alipokuwa, polepole, bila kelele. Afande, tunakushukuru. Kikao kimefungwa."

"Chenu kimefungwa," alisema Laker. "Changu ndiyo kinaanza. Mzee Ocitti hana hatia ya Labeja, nitaliandika hilo na kulitia sahihi, na paa lake atakayeliezeka ni aliyeliezua. Sasa, ndani ya sanduku kuna mtoto wa watu. Mwanamume, hajafika miaka ishirini, amepigwa kisogoni, na amezikwa hapa baada ya moto. Kwenye jiwe pale njiani pana majina arobaini na moja. La huyu ni lipi?"

Laker hakuwatazama wanawake wala vijana. Aliwatazama wazee, mmoja mmoja. Hakuna aliyeangalia shimo, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Wote waliangalia viatu vyao.

"Afande," alisema Oryang, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "wakati ule ulikuwa wakati ule. Serikali ilishatoa msamaha."

"Msamaha ulitolewa kwa waliotoka porini. Ninyi mlitoka porini?"

"Binti yangu ameolewa kwenye ukoo wa huyo kijana! Nina wajukuu wanne kwao. Tukilisema hili leo, itakuwaje? Tumekula nao sahani moja miaka kumi na moja!"

Kila aliyesimama pale alijua maana ya maneno hayo. Koo mbili zenye damu katikati yao hazili pamoja mpaka jambo lisemwe, fidia itolewe, na pande zote zinywe mzizi mchungu kwenye kibuyu kimoja. Ukila kabla, umewalisha watoto wako kifo. Mwanamke mmoja akaweka mkono tumboni. Oryang naye akatambua alichokwisha kukisema, akaketi chini palepale kwenye udongo, mzee mzima, fimbo imemtoka mkononi.

"Jina lake Ojara," alisema Ocitti.

Alilisema kwa sauti ileile anayosomea majina mwezi wa pili, taratibu, kila mtu asikie.

"Alitoroka waasi, akaja kwa miguu yake. Ilikuwa siku ya tisa baada ya moto. Tulikuwa bado tunazika, ila amri ya milango imeshatolewa na nyumba ya Lalam imeshasimama tena. Alifika kisimani mchana, akaomba maji, akasema anamtafuta mama yake. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba amemwona siku ile ya moto, ameshika kiberiti. Kama ni kweli au si kweli, sijui mpaka leo. Hatukumuuliza. Tulikuwa kumi na saba, tumetoka kuchimba makaburi, majembe tunayo mikononi."

"Na Lalam?" aliuliza Laker.

"Sisi tulitaka kumtupa kwenye nyasi. Lalam akaja. Akatutukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia kwa mwanamke. Akasema, mmemuua, sawa, lakini ni mwanamume, na atazikwa kama mwanamume, mkono wa kulia wa mlango, na kama hana nyumba basi nyumba ni hii yangu. Ndio ule ugomvi uliosimuliwa, Kidega. Mama yako hakunisalimia tena mpaka anakufa."

"Kwa nini ulikubali wakutenge kwa damu ya baba?" Kidega aliuliza. "Si ungesema tu kwamba aliye sandukuni si yeye?"

"Ningesema si yeye, ungeniuliza ni nani."

Kidega akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. Alikuwa anafikiri, na Laker aliona wazo linavyomjia na kumkalia, akatamani amzuie asiulize. Lakini kazi yake haikuwa kuzuia maswali.

"Mimi nilirudi mwaka uliofuata," alisema Kidega. "Ningekuja hapa? Ningekuja kisimani, niombe maji, niseme namtafuta mama yangu?"

Ocitti akamtazama mtoto wa kaka yake usoni, kwa mara ya kwanza siku tatu hizo.

"Tungekuua," alisema. "Ndiyo maana niliandika barua."

Kidega akageuka, akaenda kusimama mbali na watu, mgongo wake kwao. Hakuna aliyemfuata.

Laker akafungua ukurasa mpya. Alichukua muda kuitafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake kama siku zote. "Nataka majina kumi na saba. Waliokufa na walio hai."

"Langu liandike la kwanza," alisema Ocitti. "Nilimpiga. Sikuwa wa kwanza kupiga, lakini kwenye karatasi niweke wa kwanza, mimi ndiye nilikuwa na orodha ya kitongoji. Kila aliyerudi kutoka porini nilipangiwa nimpokee."

Akaandika. Oryang, pale chini, akasema lake bila kuulizwa. Kutoka kwa wazee wengine yakatoka mengine, kwa sauti za chini, mpaka yakawa kumi na moja. Sita walishakufa, na wake zao waliokuwepo ndio waliowataja. Laker hakumharakisha mtu.

"Mama yake Ojara yuko hai?"

"Yuko hai," alisema Ocitti. "Anaishi ng'ambo ya mto. Tunasali kigango kimoja. Wakati ule alikuwa kambi nyingine, hakujua kwamba mwanawe alifika. Kwa kuwa mimi ndiye nilishika orodha, kila Jumapili baada ya ibada ananingoja mlangoni. Ananiuliza kama kuna waliorudi."

"Miaka kumi na moja?"

"Kila Jumapili."

"Na wewe unamjibu nini?"

Mzee akajaribu kufungua kifungo cha kola, kikamshinda, akakiacha.

"Namwambia bado."